Tokyo–Seoul kwa ndege: ukate tiketi ya viwanja vipi?

Kutoka Tokyo hadi Seoul ni kama kilomita 1,160 angani. Kwenda, ratiba nyingi huonyesha safari ya muda wa saa mbili na nusu hivi. Kurudi ni pungufu kidogo, kwa kuwa upepo mkali wa juu huvuma kuelekea mashariki na kuisukuma ndege. Saa za miji yote miwili ni zilezile. Angani, basi, mashirika hayapishani sana. Tofauti iko ardhini: kila mji una viwanja viwili vya kimataifa, kimoja jirani na kimoja mbali.

Nafasi ya kwanza naipa Haneda–Gimpo. Njia hii ilifunguliwa tena mwaka 2003, na leo inaendeshwa na Japan Airlines, All Nippon Airways, Korean Air na Asiana. Haneda uko ndani ya Tokyo yenyewe. Treni ya Keikyu inakufikisha Shinagawa, kituo kikubwa cha treni mjini, kwa robo saa au chini ya hapo. Gimpo nao uko ndani ya Seoul, dakika ishirini na kitu kwa treni hadi Seoul Station. Mtu wa mkutano wa siku moja asihangaike kutafuta kwingine. Nauli iko juu, ndiyo, na safari za usiku sana hakuna, maana Gimpo hufungwa saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Ya pili ni Narita–Incheon, ya wenye kuchunga mfuko. Hapa wamo Jeju Air, Jin Air, Zipair na wengine wa bei nafuu, na ushindani wao unamfaa abiria. Lakini tazama ramani: Narita uko mashariki ya Tokyo, umbali wa kilomita 60 hivi, na Incheon uko magharibi ya Seoul. Unaongeza safari pande zote mbili! Treni ya Skyliner kutoka Narita hadi kituo cha Nippori, ndani ya Tokyo, ni kama dakika 40, na ile ya moja kwa moja ya Incheon hadi Seoul Station ni dakika 43 kutoka jengo la kwanza la abiria. Ongeza nauli za treni hizo, kisha malipo ya begi la kupakia, ndipo ulinganishe bei. Mwenye begi dogo la mgongoni bado atatoka na faida.

Haneda–Incheon naiweka mwisho. Safari za usiku wa manane, kama za shirika la Peach, zina nauli nafuu, ila unashuka kabla ya alfajiri huku hoteli haijafungua chumba. Kijana ataweza, mwenye watoto, hapana.

Ukitafuta mtandaoni, kurasa nyingi huvichanganya viwanja vyote chini ya jina la mji. Kabla ya kulipa, soma zile herufi tatu: HND na NRT kwa Tokyo, GMP na ICN kwa Seoul.