Miaka miwili na E63 AMG na M5: injini ipi inafaa huku kwetu ziwani

Mimi ni dereva wa mfanyabiashara wa dhahabu anayeishi Capri Point hapa Mwanza, na kwa miaka miwili sasa nimekabidhiwa funguo za magari yake mawili: Mercedes-Benz E63 AMG ya mwaka 2010 na BMW M5 ya mwaka 2013. Nayaendesha karibu kila juma kwenda Geita, na mara mojamoja Musoma, kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyapata nikiwa nimeshika usukani.

Kwenye makaratasi ya viwanda, E63 ina injini ya V8, yaani yenye silinda nane katika safu mbili, ya lita 6.2 isiyo na turbo, nguvu za farasi 525 na msokoto, yaani ile nguvu ya kuzungusha magurudumu, wa nyutoni-mita (Nm) 630. M5 ina V8 ndogo zaidi ya lita 4.4, lakini imefungwa turbo mbili, nayo inatoa nguvu za farasi 560 na msokoto wa Nm 680. Kutoka kusimama hadi kilometa 100 kwa saa, E63 hutumia sekunde 4.5 na M5 sekunde 4.4. Anayesoma takwimu hizo atadhani magari haya ni mapacha. Huku kwetu si mapacha hata kidogo, na sababu kubwa ni hewa.

Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia kumi. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kama inavyoikuta; hewa ikipungua, petroli inayoungua nayo hupungua na nguvu hushuka, na kwa hesabu yangu E63 inapoteza hapa farasi wasiopungua 50 kabla hata sijakanyaga mafuta. Turbo huisukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye silinda, hivyo M5 inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Asubuhi moja mapema, barabara ikiwa tupu baada ya Magu kuelekea Lamadi, niliyajaribu yote mawili kwa kuyafunga gia ya tano na kukanyaga mafuta kuanzia kilometa 60 hadi 100 kwa saa, huku kijana wa nyumbani akipima kwa simu. M5 ilitangulia kwa zaidi ya sekunde moja. Msokoto wake wote unapatikana tangu mizunguko 1,500 kwa dakika, ilhali E63 inaufikia wa kwake kwenye 5,200, na ndiyo maana ukitoka kwenye kijiji chenye kikomo cha 50 ukamkuta mbele yako mwenye lori la pamba, kwa M5 unampita bila kusubiri gia ishuke.

Hata hivyo, E63 ina kitu ambacho M5 haina. Ukifungua boneti yake unakuta kibati kidogo chenye saini ya fundi mmoja aliyeiunda injini ile kuanzia mwanzo hadi mwisho huko Affalterbach, Ujerumani, na mimi kila ninapoipangusa vumbi huanza na kibati hicho. Sauti yake ni ya injini yenyewe: inaanza kwa kukoroma chini chini, kisha juu ya mizunguko 5,000 inafunguka kabisa. Katika M5 sehemu ya sauti unayoisikia ukiwa ndani inaongezwa kupitia spika za redio, jambo ambalo mimi sijalizoea na sidhani kama nitalizoea.

Wakati wa masika ningechagua E63. Magari yote mawili yanasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na lami ya Usagara ikilowa, msokoto wa M5 unakuja wote kwa mkupuo kiasi kwamba taa ya njano ya kuzuia utelezi inawaka kwenye dashibodi hata kwa kukanyaga kidogo tu. E63 inaongeza nguvu hatua kwa hatua, na mguu unajua unachokiomba.

Kwa mafuta, safari ya Geita inaniachia wastani wa lita 11 kwa kilometa 100 kwenye M5 na lita 14 kwenye E63. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 hatuungojei tena ule msururu wa kivuko, jambo lililoisaidia zaidi M5, kwa sababu turbo zake zimekaa katikati ya injini, kati ya safu mbili za silinda, na joto la pale haliondoki haraka. Hadi leo nikizima gari getini, feni yake inaendelea kuunguruma kwa dakika kadhaa, nami humwambia mlinzi asifunike gari mpaka inyamaze.

Bosi ameniambia anataka kubaki na gari moja, na nimemshauri abaki na M5, ingawa moyo wangu uko kwa ile nyingine. Nimemwambia pia waziwazi kwamba matairi ya nyuma ya M5 yamekwisha mara mbili wakati ya E63 yamekwisha mara moja, na kwamba saizi yake hapa mjini sijaipata, inaagizwa Dar es Salaam. Ya safari hii yanakuja na basi la Ijumaa.