Kabla Hujapandikiza Jino, Uliza Bisibisi Yake Iko Wapi

Jino langu la kupandikiza, yaani jino bandia lililofungwa kwa skrubu kwenye kipandikizi cha chuma ndani ya mfupa wa taya, lilianza kucheza nikiwa Coco Beach, muhogo mkononi, pilipili imenikolea. Ni gego la chini, kushoto. Halikuuma hata kidogo. Lilikuwa linazunguka tu, kama kifuniko cha chupa ambacho mtu hakukikaza. Nikajisemea skrubu imelegea, kesho naenda kukazwa, dakika kumi nimemaliza.

Hiyo kesho ikawa wiki tatu.

Kliniki iliyonipandikizia miaka 4 nyuma ilishafungwa. Pale sasa wanauza mapazia. Nikaenda Upanga. Daktari akatazama picha ya eksirei, akakuna kichwa. "Mama, hii ni ya kampuni gani?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Ya Ulaya." Ndivyo nilivyoambiwa, ndivyo nilivyolipia. Akatabasamu kwa adabu, akafungua boksi la bisibisi zake, vidude vifupi kuliko njiti ya kiberiti, akajaribu kimoja, akajaribu kingine. Vyote vikagoma. Kinondoni hivyo hivyo. Kliniki ya tatu wakatumia nguvu, kichwa cha skrubu kikalika. Mwisho wa yote kipandikizi kikachimbuliwa pamoja na kipande cha mfupa, nikakaa na pengo miezi minne.

Kwa hiyo humu usitafute habari za sukari, sigara na kipimo cha CT. Daktari yeyote wa maana atakuuliza hayo. Wala sitabishana titani ipi, chuma kinachotengenezea vipandikizi, inashikana vizuri zaidi na mfupa. Mswidi Per-Ingvar Brånemark alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, na kampuni zote kubwa zilishalimudu hilo. Shida yangu ni kale kaskrubu kadogo kanakounganisha kipandikizi kilichomo mfupani na jino bandia lililo juu yake. Kampuni nyingi zina tundu lao na vipimo vyao. Unajua kwa nini Dar nzima inaendesha Toyota? Spea. Basi na mdomo wako ufikirie hivyo hivyo.

Kwa kipimo hicho cha spea, kampuni ya vipandikizi namba moja kwangu ni Osstem ya Korea Kusini. Najua kuna watakaonuna: Mkorea anamshindaje Mswisi? Anamshinda kwa sababu kliniki tano nilizozunguka, nne walikuwa na boksi lake. Skrubu yake ina tundu la pembe sita la milimita 1.2, na daktari wa nne alikuwa na bisibisi yake mfukoni mwa koti. Kampuni ipo tangu 1997. Gego langu jipya ni la Osstem, na ndiyo, napendelea, sijifichi.

Ya pili ni Straumann ya Uswisi. Kama jino liling'oka zamani na taya limekonda, hapo naipandisha iwe ya kwanza. Wana aina inayoitwa Roxolid, mchanganyiko wa titani na zirkoni, ambayo ina nguvu kuliko titani tupu, hivyo daktari anaweza kuweka kipandikizi chembamba bila kwanza kukuongezea mfupa. Bei yake ukiitajiwa utaomba maji ya kunywa. Nobel Biocare, warithi wa kazi ya Brånemark, naiweka ya tatu kwa heshima zote, ila bisibisi yake niliiona kliniki moja tu.

Vipandikizi vya zirkonia, ile kauri nyeupe, nitavitetea kwa jino la mbele tu, kwa mtu mwenye fizi nyembamba ambaye titani itamwonyesha weusi kwa chini. Vingi vimetengenezwa kipande kimoja, kwa hiyo havina skrubu ya kulegea. Sawa. Lakini hapo kofia ya jino, yaani jino bandia lenyewe linaloonekana, inagandishwa kwa saruji ya meno, na saruji ikibaki chini ya fizi huleta uvimbe unaokula mfupa polepole bila wewe kujua. Kwenye gego dai kofia ya kukazwa kwa skrubu, yenye tundu juu. Tundu hilo wanaliziba kwa tepu nyeupe, ile ile ya fundi bomba, nimeiona kwa macho yangu, halafu juu yake wanaweka dawa ya rangi ya jino. Siku ya matengenezo wanachokonoa, wanafungua, wanakaza. Hakuna kukata kitu.

Vipandikizi vyembamba vya kipenyo cha chini ya milimita 3 ni vya kushikilia meno ya kuvaa na kuvua, si gego la kutafunia mifupa ya mbuzi. Na vya bei ya kutupa visivyo na jina? Nilishakuwa navyo.

Sasa hili la bei. Kanuni zimekataza tangu Machi 2025 kutajiana bei kwa fedha za kigeni humu nchini, lakini nilipopiga simu bado niliambiwa "dada, ni elfu moja na mia mbili", nikadhani nimeokota dodo, kumbe ni dola. Nikauliza kwa shilingi, nikapewa kiwango cha kubadilishia ambacho hakipo benki yoyote. Halafu bei hiyo ni ya kipandikizi peke yake! Kiungo cha kushikia kofia mbali, kofia mbali, picha mbali. Mwambie akuandikie yote kwenye karatasi moja, kwa shilingi, pamoja na jina la kampuni. Akisema "ya Ulaya", chukua mkoba wako.

Kitu cha mwisho ni stika. Kila kipandikizi halali huja na stika ndogo kwenye pakiti yake: jina, kipenyo, urefu, namba ya toleo. Ni za kubandika kwenye faili na kumpa mgonjwa. Safari hii niliiomba huku ganzi bado imenishika mdomo, nikiongea kama mlevi. Mhudumu akaduwaa. "Stika? Hakuna aliyewahi kuomba." Akavaa glavu mpya, akainamia ndoo ya taka, akapekua pamba na sindano, akaibuka na pakiti iliyokunjwa. Zilikuwamo mbili. Moja nimeibandika nyuma ya kadi ya NIDA, nyingine anayo mume wangu.