Taa ya kichwani ya kutafutia nyoka usiku, nimeitumia mwaka mzima

Niseme ukweli, niliinunua kwa sababu ya namba tu, lumeni 1000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, nikajua sasa nyoka watajipanga wenyewe. Wapi! Msitu wa mvua ni majani yaliyolowa kila upande, ukiwasha mwanga mkali kote kunameremeta kama bati jipya, afu wadudu wote wanahamia usoni kwako, usiku wa kwanza nilimeza nondo. Siku hizi nawasha mwanga wa chini kabisa na ndo naona wanyama wengi.

Kizuri chake inakaa usawa wa macho, maana macho ya mnyama yanarudisha mwanga kule kule ulikotoka, ukishika tochi kiunoni yanakupita. Komba juu ya mti macho yanawaka kama makaa, buibui huko chini vidoti vidoti utadhani umande. Ila nyoka usimtafute hivyo, macho yake hayawaki, we tafuta umbo, kitu kilichojikunja mahali ambapo tawi halina sababu ya kujikunja. Vinyonga ndo rahisi, wakilala wanapauka, unawakuta kwenye ncha za matawi kama wamesahauliwa hapo.

Sasa lawama. Mwanga mwekundu upo, na ndo nilioutaka maana wengi hawashtuki nao sana, lakini swichi ni moja, lazima upite kwenye mweupe mkali ndo uufikie. Nilimkuta chura wa mtini anaita, koo limejaa kama puto, nikabonyeza, mwanga ukamlipukia, akanyamaza, na wenzake wote bondeni wakanyamaza, nikakaa gizani kama mwizi nikisubiri waanze tena.

Halafu imeandikwa IPX4, alama ya kiwango cha kuzuia maji, jamani hiyo ni ya kuzuia matone tu, inayostahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30 ni IPX7. Yangu ilidumbukia kwenye kijito na ukungu uko ndani ya kioo mpaka leo. Nikarudi na kitochi cha mfukoni, dhaifu, nimekishika chini karibu na magoti, na kwa mwanga ule wa ubavuni nikaona jani kavu lina kivuli kinene kuliko majani mengine. Kifutu. Katulia pembeni ya njia, hatua moja na buti langu, na wakati wa kwenda nilikuwa nimepita hapo hapo na lumeni zangu 1000.

Nyota 3. Ya nne nitawapa siku wakitenganisha swichi.