Taa za stripu sebuleni: kazi ni safi sana, ila kwenye akaunti ya simu tulivutana

Naona watu wengi wanauliza habari za zile taa za stripu zinazozunguka dari la jipsamu na kubadilika rangi kwa simu, halafu jibu wanalopewa ni "nunua roli Kariakoo, mwite fundi abandike" basi imeisha. Mimi nimefungiwa sebule nzima hapa Tabata na naomba niwaeleze vizuri, maana kazi nzuri na kazi mbovu zote zinatumia roli zinazofanana, tofauti inakuja kwenye vitu ambavyo fundi akishafunga hutaviona tena.

Fundi simtaji, ni kijana mwenye kiduka chake cha vifaa vya umeme. Alikuja kupima kwanza ndo akataja bei, hapo tu alinikosha. Sebule ni mita 5 kwa 4, ukizunguka dari unapata mita 18, stripu aliyochagua inakula wati 10 kwa mita kwa hiyo jumla ni wati 180, akasema pawa saplai (kile kisanduku kinachobadili umeme wa ukutani uwe mdogo wa kulisha taa) huwa haikamuliwi mpaka mwisho, unaiachia nafasi kama asilimia 20 isichemke, akaweka ya wati 250. Kuna mwingine kabla yake alikuwa ashaniambia adapta inayokuja kwenye boksi inatosha kwa zote! Ile adapta imetengenezwa kwa roli moja la mita 5 jamani, ukiibebesha mita 18 inazima zima au inaungua kabisa.

Halafu alikataa stripu za volti 12, akataka za 24. Nilimuuliza kwa nini akanieleza taratibu, kwamba wati zikiwa zilezile volti ikipungua nusu ampea zinakuwa mara mbili, na ule mkanda njia zake za shaba ni nyembamba sana, ampea zikizidi volti inashuka njiani, ndo maana nyumba nyingine unakuta taa mwanzoni inawaka vizuri ukifika kona ya mwisho imefifia na nyeupe imeshaanza kuwa pinki. Hata hizo za 24 hakuziunga mfululizo mita 18, kila ukuta kaupa kipande chake na waya wake kutoka kwenye kontrola, yaani kile kidude kinachopokea amri za simu. Alipomaliza akapanda ngazi na multimita, kile kipimo cha umeme, akapima mwisho wa kipande kirefu, mimi nipo chini nasoma namba, volti 23.6. Nilifurahi mno kuona kitu kinapimwa badala ya kuambiwa "usijali dada, iko poa".

Kingine nilichokiangalia kwa karibu ni maungio. Kwenye kona wengi wanatumia zile klipu za plastiki maana ni za haraka, yeye alikata palepale kwenye alama ya mkasi, akalehemu waya mmoja mmoja kwa risasi, akavalisha vile vimpira vya kubana kwa moto akavipitisha kwenye kiberiti. "Dada, kwa joto la hapa Dar na huu unyevu klipu ikilegea tu rangi moja inakata, utaniita kila wiki." Na kabla ya kubandika alifuta lile vumbi jeupe la jipsamu, maana gundi ya stripu haishiki kwenye vumbi, baada ya muda mkanda unaanza kuning'inia. Tena hakubandika kwenye jipsamu moja kwa moja, alitanguliza reli za alumini zenye kifuniko cheupe, alumini inavuta joto ili vitaa visife mapema na kifuniko kinafanya usione vile vidoti vidoti. Reli zinaongeza gharama kweli, ila kama una bajeti ya kukata, kata kwingine, reli ziache.

Rangi sasa. Chukueni ile yenye taa nyeupe yake pembeni ya nyekundu, kijani na bluu. Zile za rangi tatu tu zinachanganya ili kupata nyeupe na nyeupe yenyewe inakuwa ya baridi, kama ya hospitali. Mimi kila siku natumia nyeupe ya joto, ile yenye umanjano kidogo, ya 2700 hadi 3000 kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga), imepunguzwa nusu, sebule inatulia, wageni wanasifia. Zambarau na bluu watoto wanawasha wakiwa na muvi yao, basi.

Sasa yaliyoniudhi. Aliahidi asubuhi akaja alasiri bila hata meseji. Pawa saplai alitaka kuifungia juu ya dari moja kwa moja, nikakataa, ile ni kitu inahitaji hewa na ndo ya kwanza kuharibika, siku ikifa tunapasua jipsamu? Akakata kimlango kidogo, sawa. Kubwa kuliko yote ni akaunti, alisajili taa kwenye programu kwa simu yake yeye halafu akanitumia mwaliko, yaani mwenye nyumba yangu kwenye mfumo ni fundi! Anaweza kuniwashia na kunizimia akiwa kwake. Nikamwambia kaka hapana, futa, tuanze upya kwa namba yangu. Akanuna kidogo kwamba wateja wengine huwa hawajali. Mimi najali, na nawasihi na nyie mjali.

Kusajili upya kulisumbua kwa sababu hivi vifaa vingi vinashika Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz tu na ruta yangu ilikuwa imechanganya 2.4 na 5 GHz kwa jina moja, akazitenganisha ikakubali. Akaniwekea na swichi ya ukutani ya rimoti, hiyo msiache, mama mkwe akija hahitaji simu kuwasha taa na hata intaneti ikikatika inafanya kazi. Muulizeni pia kuhusu umeme ukikatika ukarudi, taa nyingi zimewekwa ziwake zenyewe, TANESCO wakirudisha saa tisa usiku sebule nzima inawaka mnashtuka, kwenye programu kuna sehemu unachagua ibaki kama ilivyokuwa.

Kwenye LUKU sijaona maumivu. Zikiwaka zote kwa nguvu zote kwa muda wa masaa matano ni yuniti 0.9, mimi nikiwa kwenye nusu inakuwa karibu nusu ya hapo.

Bei ilikuja laki sita na nusu na ufundi ndani. Mtu wa laki mbili yupo, ila muulize anaweka wati ngapi, volti ngapi, analehemu au anabana klipu, na pawa saplai inakaa wapi, majibu yake yatakuonyesha hizo laki nne na nusu zimepunguzwa wapi.

Nampa nyota nne kwa tano, moja imeondoka na ile akaunti. Jikoni chini ya makabati nimeshampa, pale anatumia zenye silikoni kwa ajili ya mvuke, na safari hii tumekubaliana kabisa kwamba hela ya mwisho inatoka taa zikiwa kwenye simu yangu.