Nyota yupi anastahili bei yake? Mwongozo wa kununua wachezaji kwenye ligi za kihistoria za besiboli

Kwenye ligi hizi za kuigiza, ambapo programu au kadi huchezesha mechi kwa takwimu halisi za wachezaji wa zamani, mchezaji anauzwa kwa msimu. Babe Ruth wa 1923 ana bei yake na Babe Ruth wa 1927 ana yake, na unaweza kumpanga yeyote kati yao dhidi ya mrushaji (anayemtupia mpigaji mpira) aliyezaliwa miaka 70 baadaye. Bajeti ina ukomo, kama ile ya Fantasy ya Ligi Kuu ya Uingereza, na wengi wanaangukia pale pale: fedha zinaishia kwa majina matatu makubwa, nafasi zilizobaki zinajazwa na wa kuokoteza.

Mimi hununua kwa swali moja. Nisipomchukua huyu, ni nani wa bei ya chini atakayesimama mahali pake, na pengo kati yao ni kubwa kiasi gani? Pengo hilo ndilo unalolipia. Na pengo hupimwa dhidi ya wachezaji wa nafasi yake na wa mwaka wake, si dhidi ya orodha ya rekodi za wakati wote.

1. Nyota wa katikati ya uwanja

Hapa ndipo ninapoweka fedha zangu za kwanza. Wapigaji wazuri wa uwanja wa nje wamejaa sokoni, hata kwa bei nafuu. Mlinzi wa kituo cha pili (mpigaji huzunguka vituo vinne ili kupata pointi), au shotistopu anayelinda kati ya kituo cha pili na cha tatu, ni adimu, kwa sababu nafasi hizo zinadai miguu na mikono myepesi kwanza, kupiga baadaye.

Chaguo langu la juu kabisa ni Joe Morgan wa Cincinnati Reds, msimu wa 1975. Wastani wake wa kupiga (mapigo safi kwa kila jaribio) ni 0.327, mzuri lakini haumshtui mtu, na homurani zake (mapigo yanayovuka uzio) ni 17 tu, ndiyo maana wanunuzi wanampita. Tazama safu ya pili: alipewa kituo bure, mrushaji alipokosa shabaha, mara 132, akafika kituoni kwa kiwango cha 0.466, yaani karibu zamu 47 katika kila 100 hakutolewa. Akishafika anaiba vituo, yaani anakimbilia kinachofuata kabla mpira haujapigwa; aliiba 67 mwaka ule. Na analinda vizuri, kwa hiyo humpotezi pale mpinzani anapopiga. Rogers Hornsby wa 1924 ana 0.424, namba inayovuta macho sana kwa mtu wa kituo cha pili, ila bei yake inapanda kwa sababu hiyo hiyo na ulinzi wake haumfikii Morgan.

Kwa shotistopu, Honus Wagner wa 1908. Wengi wanaona 0.354 na homurani 10 wanaendelea mbele. Mwaka huo National League nzima, ligi yake na moja ya mbili kuu za Marekani (nyingine ni American League), ilipiga 0.239. Ukiikumbuka namba hiyo, Wagner anakuwa mtu mwingine kabisa.

2. Wanaofika kituoni kupita kiasi

Ruth wa 1927 ana homurani 60 na umaarufu wote. Chukua wa 1923: homurani 41, lakini wastani wa 0.393 na kufika kituoni 0.545, dhidi ya 0.486 ya 1927. Katika zamu 600 tofauti hiyo ni kama mara 35 zaidi ambazo timu yako haikupoteza mtu. Kama programu yako inathamini nguvu kwa kulinganisha na enzi, angalia pia 1920, mwaka aliopiga homurani 54 wakati hakuna timu nyingine ya American League iliyofikisha idadi hiyo.

Barry Bonds wa 2004 anafika kituoni kwa 0.609. Vituo vya bure alivyopewa ni 232, na 120 kati ya hivyo wapinzani walimpa kwa makusudi ili wasimrushie. Hilo litatokea na kwenye ligi yako kama kocha wa upande wa pili ni binadamu anayejua kazi yake. Usimnunue Bonds kabla hujamtafuta wa kupiga nyuma yake.

Sababu ya kuwaweka hawa wa pili ni kwamba mpigaji, awe nani, anakuja zamu moja kati ya tisa. Halafu kuna injini yenyewe ya mchezo. Kwenye Strat-O-Matic, ulioanza 1961 kwa kadi na dadu, dadu moja huamua usome kadi ya nani: 1 hadi 3 ya mpigaji, 4 hadi 6 ya mrushaji. Kwa hiyo nusu ya zamu za Ruth wako zinasomwa kwenye kadi aliyoinunua mpinzani.

3. Warushaji

Anza na hesabu ya awamu, yaani vipindi vya mchezo ambavyo kila timu hupiga mara moja. Michezo 162 ya awamu 9 ni awamu 1,458, na zote lazima mtu azirushe.

Bob Gibson wa 1968 alibebeshwa wastani wa mikimbio (pointi za wapinzani) 1.12 kwa kila awamu 9. Pedro Martínez wa 2000, 1.74. Kwa macho, Gibson ameshinda. Lakini 1968 ulikuwa mwaka wa warushaji, wastani wa ligi yake ulikuwa karibu 3, na mwaka uliofuata kilima cha kurushia kilishushwa kutoka inchi 15 hadi 10 ili wapigaji wapumue. Pedro alirusha wapigaji wakiwa wametawala, ligi yake ikiwa karibu 5. Awamu kwa awamu, Pedro ndiye bora. Kwa upande wa pili, Gibson ana awamu zaidi ya 304 na Pedro 217, na zile 87 za ziada utazinunua kwa mtu mwingine.

Basi soma kanuni. Programu ikirekebisha takwimu kwa enzi, mchukue Pedro na ununue warushaji wawili wa kawaida wa kufuta pengo. Isiporekebisha, Gibson. Na usidanganywe na Ed Walsh wa 1908 mwenye 1.42, kwa kuwa ligi yake yote ilikuwa chini ya 2.5. Thamani yake ni zile awamu 464, karibu theluthi ya msimu mzima kwa mtu mmoja, na zinauzwa rahisi.

4. Wadakaji

Mike Piazza wa 1997, 0.362 na homurani 40, ni zawadi kwenye nafasi ya mdakaji, anayepokea mpira nyuma ya mpigaji, ambayo wengi hawapigi chochote. Mkono wake wa kuzuia wezi wa vituo ni dhaifu. Ligi yenye Rickey Henderson wa 1982, aliyeiba 130, itamwadhibu, kwa hiyo angalia wapinzani wamenunua nini kwanza.

Josh Gibson namtaka kila ninapomwona. MLB, chombo kinachosimamia ligi hizo kuu za Marekani, iliingiza takwimu za Negro Leagues, ligi za wachezaji weusi za enzi za ubaguzi, kwenye rekodi zake rasmi mwaka 2024, na 0.466 yake ya 1943 sasa inahesabiwa. Misimu ile ilikuwa na michezo michache, kwa hiyo hakiki kikomo cha zamu alizowekewa, na umtafutie msaidizi wa kumalizia msimu.

5. Wa kuwaachia wengine

Chuck Klein wa 1930 ana 0.386, homurani 40 na mikimbio 170 aliyoiingiza. National League nzima ilipiga 0.303 mwaka huo, na ukuta wa kulia wa Baker Bowl, uwanja wake wa nyumbani, ulikuwa mita 85 hivi kutoka kwa mpigaji, naye akipigia upande huo. Timu yake, Phillies, ilipiga 0.315 kwa jumla ikapoteza michezo 102. Mikimbio ya kuingiza inategemea nani amefika kituoni mbele yako, kwa hiyo isikupandishie bei hata kidogo, na hapo namhesabu pia Hack Wilson na 191 zake za mwaka ule ule. Bill Terry wa 0.401, vivyo hivyo: mpigaji hodari wa kituo cha kwanza, nafasi ambayo wazuri wa bei ya kati hawakosekani hata mnada ukikaribia kufungwa.