Boksi la sabufa ya gari: plaiwudi, chuma au MDF? Soma kabla hujamlipa fundi wa Arusha

Wanaoagiza boksi la chuma wengi wana sababu moja: chuma ni kigumu, besi haitalitikisa. Hapo ndipo hela inapopotea. Ukizidisha unene wa ubao au bati mara mbili, ugumu wake wa kupinda unapanda mara nane. Kwa hiyo MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) ya milimita 18 inapinda kwa shida kuliko chuma kitupu cha milimita 3, takribani mara nne. Mimi niliwahi kulipia boksi la bati jembamba, likalia kuliko sabufa yenyewe. Debe kabisa.

Kwa gari dogo la mjini, namba moja ni plaiwudi ya milimita 18. Ni nyepesi kuliko MDF, inashika skrubu, na buti likivuja masika haivimbi upesi.

Namba mbili ni chuma cha milimita 3, ila kwa Land Cruiser ya watalii au pikapu nakipandisha juu ya vyote. Faida yake ni nafasi. Chukua boksi la sentimita 40 kwa 35 kwa 30 kwa nje: la MDF linabaki na lita 30 hivi ndani, la chuma karibu 40. Nyuma ya kiti cha pikapu, lita kumi ni mali. Pia halilegei viungo kwenye vumbi la Ngorongoro kwenda Serengeti, barabara inayotikisa mpaka meno. Uzito ndio kasoro: kilo 17 bila spika, wakati la MDF halifiki 10. Lifungwe kwa bolti sakafuni, na fundi achungulie chini kwanza asije akatoboa tenki la mafuta.

Ukienda kwa wachomeleaji wa Unga Limited, mtaa wa viwanda pale Arusha, uliza vipande vilivyobaki. Boksi moja halimalizi hata robo tatu ya mita ya mraba. Sisitiza engo (kipande cha chuma cha pembe) ndani ya kila upande mpana, isipite katikati kabisa. Achomelee kidogokidogo kwa kuhamahama, bati lisipinde kwa joto, kisha mishono yote izibwe kwa silikoni. Ndani bandika lami ile ya kuzuia mtetemo inayowekwa kwenye milango ya gari, la sivyo litalia kama kengele. Vituo vya waya, pale waya za spika zinapofungwa, vikae kwenye plastiki. Vikigusa chuma, unaweza kuunguza amplifaya.

MDF naiweka ya tatu. Sauti yake haina ubaya, maji tu ndiyo adui.

Maboksi ya chipubodi yaliyo tayari yanakuja mwisho. Ligonge kwa kifundo cha kidole: likijibu kwa mwangwi, liache.

La kufungwa lisilo na tundu, lijaribu kabla ya kulipa salio. Sukuma koni, ile sehemu ya spika inayocheza, taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, kisha achia. Irudi polepole. Ikiruka kurudi papo hapo, huenda kuna mahali panapovuja, na fundi aikague tena mishono.