Uzoefu wangu: Meguiar's M205 na pedi laini kwenye Toyota nyeusi

Toyota nyeusi yenye namba ya rangi 202 ikiwa kivulini inang'aa kama kioo. Itoe juani saa sita mchana hapa Kampala, na boneti inajaa utando wa buibui. Rangi haijafa. Hiyo ni mikwaruzo myembamba kwenye klia, ile vanishi ya juu, na mingi imeingizwa na kitambaa cha kuoshea. Vumbi jekundu la barabara za maramu lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko klia, kwa hiyo kila chembe iliyoburutwa na kitambaa imechora mstari wake. Mistari yenyewe imelala kila upande, lakini jicho linaiona ile tu inayokatiza mwanga, ndiyo maana inaonekana kama duara linalozunguka jua.

Nimepiga gari zima kwa M205, polishi laini ya kumalizia ya Meguiar's (chupa ya ml 946), mashine ya polishi aina ya DA (inazunguka huku ikitikisika) ya wati 900 yenye mtikisiko wa mm 15, na pedi sita za sponji laini za inchi 5.5. Hukumu yangu ni hii: kwa nyeusi laini kama 202, polishi hii peke yake inatosha. Kompaundi kali, yaani dawa ya kusugua inayokata zaidi, inayouzwa pamoja nayo kama hatua ya kwanza sikuihitaji, isipokuwa kwenye mlango mmoja. Gari zima lilikula karibu ml 100 tu, hivyo chupa hiyo ni ya miaka.

Kabla ya kufungua chupa, hakikisha ni rangi gani unayoshika. Namba ya rangi iko kwenye kibati ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Magari mengi yaliyotoka Japani yameshapigwa rangi upya mahali fulani, huko au hapa, kwa hiyo ukipata kipimo cha unene wa rangi, azima. Rangi ya kiwandani ya gari la Kijapani kwa kawaida husoma kati ya maikroni 80 na 130 kwa tabaka zote pamoja. Ikizidi 200 ujue fundi alishapita. Klia yenyewe ni kama maikroni 40 tu. Kupiga polishi ni kuondoa sehemu ya hiyo klia, hakuna uchawi mwingine, na sehemu yake ya juu ndiyo inayoikinga rangi dhidi ya jua. Polishi laini kwenye sponji laini huondoa kidogo sana, lakini usigeuze kuwa kazi ya kila mwezi. Na pedi ikigeuka nyeusi ukiwa kazini, gari lako halina klia. Hiyo ni rangi yenyewe inayotoka, endelea kwa tahadhari zaidi.

Usafi ndio nusu ya kazi. Osha, kisha pitisha klei (donge laini kama udongo linalonasa uchafu ulioganda kwenye rangi) ukilowesha kwa maji yenye shampuu. Ukiteleza vidole ndani ya mfuko wa nailoni juu ya rangi na ukahisi vipele, klei bado haijamaliza. Chembe moja iliyobaki ikiingia chini ya pedi, utakuwa unachora mikwaruzo mipya kwa mashine. Kausha, halafu bandika tepu ya karatasi ya wapiga rangi kwenye kingo za milango, mistari mikali ya bodi, raba na plastiki nyeusi. Kwenye kingo klia ni nyembamba, na polishi ikikauka kwenye plastiki isiyopakwa rangi inaacha weupe wa kuudhi.

Joto ndilo limewashinda wengi hapa. Gari jeusi chini ya jua la ikweta linaunguza mkono, na polishi juu yake inakauka kabla haijafanya kazi, inashika kama gundi, pedi inaanza kuruka. Fanya kivulini, saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, na weka kiganja kwenye boneti: ukishindwa kukiacha hapo, iache ipoe. Kama sakafu ni ya udongo, imwagie maji kwanza. Mvua ya usiku ikiwa imelaza vumbi, hiyo ndiyo asubuhi ya kufanya kazi hii.

Anza na jaribio la sm 30 kwa 30 katikati ya boneti. Pedi mpya ipake polishi kidogo kwa kidole uso mzima, isiwe na sehemu kavu, kisha weka matone manne ya ukubwa wa punje ya njegere. Iweke pedi juu ya rangi kabla hujawasha mashine, la sivyo utajipaka wewe na ukuta. Tandaza kwa spidi ya 1, halafu panda hadi 4. Eneo la kazi lisizidi sm 45 kwa 45. Mkono uende taratibu, kama sm 3 kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliopita; kwanza kwenda na kurudi, kisha kukatiza. Raundi nne zinatosha. Chembe za M205 hazivunjiki kadiri unavyosugua kama zile za polishi nyingine, kwa hiyo huna cha kusubiri kimalizike. Unasimama mikwaruzo ikiisha. Ukizidisha matone, pedi inalowa mafuta na inateleza juu ya rangi bila kukata kitu.

Kitu kimoja kidogo kilichonisaidia kuliko bei ya mashine: chora mstari mweusi kwa kalamu ya maka ubavuni mwa sahani inayobeba pedi. Mashine ya DA inatikisika na kuzunguka kwa pamoja. Ukibonyeza sana au ukiinamisha pedi kwenye mkunjo wa fenda, mzunguko unakufa na unabaki mtikisiko tu; sauti ni ile ile, unadhani unafanya kazi, na hufanyi. Kwa mstari ule unaona papo hapo. Mstari ukizunguka polepole, sawa. Ukisimama, legeza mkono au nyoosha pedi. Mtikisiko wa mm 15 ndio unaosimama kirahisi kwenye mikunjo. Kwa fenda zenye umbo na bampa, wa mm 8 ungefaa zaidi.

Kila baada ya eneo moja, piga pedi brashi ngumu ili klia iliyosagika isirudi kwenye rangi. Kila baada ya paneli mbili, badilisha pedi. Watu wanabania hapa na ndipo matokeo yanapoharibika: pedi iliyojaa inapata moto, inabonyea, inaacha ukungu. Mbili kwa gari zima hazitoshi kabisa.

Ukungu huo ndio tatizo halisi la 202. Mikwaruzo inatoka upesi, lakini rangi ni laini hivi kwamba pedi yenyewe inaacha weupe mwembamba, unaonekana ukimulika tochi ya LED kwa ulalo. Suluhisho si polishi nyingine. Chukua pedi safi laini zaidi, matone matatu, spidi ya 3, na raundi mbili za mwisho bila kubonyeza kabisa, uzito wa mashine peke yake. Weusi unarudi wenye kina.

Futa kwa kitambaa cha maikrofaiba kilichokunjwa mara nne, lebo ikiwa imekatwa. Fulana kuukuu ya pamba inarudisha mikwaruzo uliyoitoa sasa hivi. Kisha hakiki: changanya kipimo kimoja cha spiriti ya isopropili ya 70% na vipimo vitatu vya maji, nyunyiza, futa bila kukandamiza, mulika tena. Mafuta ya polishi huficha mistari, spiriti inayaondoa uone ukweli. Spiriti ya vidonda ya famasi usiitumie, mara nyingi ina mafuta ya mbarika yanayobaki juu ya rangi. Na usihakiki chini ya taa za mrija. Zinaficha kila kitu.

Ule mlango niliotaja ulikuwa na mikwaruzo mizito ya kichaka. Hapo nilitumia pedi ya maikrofaiba na kompaundi kali, eneo dogo dogo, kisha M205 kuondoa ukungu. Mstari unaokwamisha ukucha usiufukuze, umeshaivuka klia au unakaribia. Uache ukiwa umepunguzwa makali. Bampa nalo lipewe raundi chache, plastiki haisambazi joto kama bati na rangi yake inaungua mapema.

Umeme nao una neno lake. Volti zikishuka jioni mashine inalegea, na pedi isiyozunguka vizuri haikati. Ukitumia jenereta, isiwe chini ya kVA 1.5 kwa mashine ya wati 900. Hesabu muda pia: saa nane hadi kumi za kazi kwa gari la ukubwa wa Premio, ni bora uzigawe asubuhi tatu.

Nikilinganisha na gereji za mjini zinazotumia mashine ya kuzunguka tu na pedi ya manyoya, wao wanamaliza kwa saa mbili na gari linatoka liking'aa. Subiri jua. Utaona mawimbi marefu yanayofuata mkono wa fundi, na kuyaondoa ni kazi hii hii niliyoeleza, tena kwenye klia iliyopungua.

M205 haina kinga. Siku hiyo hiyo paka nta au kinga ya sintetiki. Ya sintetiki inavumilia jua letu kwa muda mrefu kuliko nta ya karnauba. Halafu badilisha uoshaji. Pale unapooshea gari, ruhusu maji ya presha na povu tu, kitambaa chao kikatae kwa adabu. Beba glavu yako ya maikrofaiba na ndoo mbili, moja ya shampuu, moja ya kusuuza glavu. Anza juu ya paa, malizia chini ya milango. Glavu ikianguka chini hata mara moja, kuanzia hapo ni ya rimu.